Nisaini fomu inayotoa rekodi zangu zote za hospitali?

Mama, hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Nyalenda hapa Kisumu, na kazi yangu ni kuuza omena soko la Kibuye. Mwezi wa tatu mwaka huu, jioni, nilikuwa juu ya boda boda na mwanangu wa kati, mwenye miaka tisa, tukirudi nyumbani. Gari dogo likatugonga ubavuni. Mtoto alivunjika mkono. Mimi mguu wa kulia ulivunjika mahali pawili, nikafanyiwa upasuaji na kuwekwa chuma, nikalala wadini wiki tatu. Sasa natembea kwa mikongojo na dada yangu ndiye ananishikia meza sokoni.

Siku ya pili baada ya upasuaji alikuja mwanamume mmoja aliyevaa tai, ameletwa na shemeji ya jirani yetu. Alisema anafanya kazi na wakili, kwamba watanidaia fidia kwa bima ya lile gari na sitalipa hata shilingi mpaka pesa zitoke. Nilikuwa na maumivu, kichwa kimejaa dawa. Alinionyesha mahali pa kuweka sahihi, nikaweka. Sikusoma chochote. Nakumbuka tu kwamba karatasi ilikuwa na mapengo mengi ambayo hayakuwa yameandikwa kitu.

Juzi amekuja nyumbani na fomu nyingine. Anasema ile ya kwanza ilikwama hospitalini kwa sababu haikuwa na nambari ya faili. Hii imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo nilimwita binti ya dada yangu aliye kidato cha tatu anisomee. Inasema ninaruhusu hospitali yoyote, kliniki yoyote, mwajiri yeyote na benki yoyote kutoa rekodi zangu zote za wakati wowote, apewe yeye "au mtu yeyote atakayemteua". Haina tarehe ya kuisha. Kuna nyingine ya mtoto ambayo anataka mume wangu aisaini. Pia anataka nimtumie kwa simu picha ya kitambulisho changu, mbele na nyuma.

Acha nikwambie kinachoninyima usingizi. Tangu 2016 ninatumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Mume wangu anajua, naye pia anatumia. Mama mkwe hajui, watoto hawajui, na sokoni hakuna mtu anayejua. Huyu mwanamume anajuana na nusu ya mtaa wetu.

Mume wangu anasema, "Saini tu, yule ni mtu wetu, ukikataa pesa zitapotea." Mwenyewe anasema wiki hii ikipita kesi imekufa. Nilijikokota mpaka hospitalini kuomba nakala za rekodi zangu, karani akaniambia mgonjwa hapewi rekodi, nilete barua ya wakili. Nilirudi nyumbani nikilia ndani ya tuktuk.

Ile niliyosaini naweza kuirudisha? Nikikataa hii ya pili nitapoteza fidia? Nifanye nini, Mama?

Muuza Omena, Nyalenda

*

Mwanangu, pole sana kwa mguu, na pole kwa mtoto. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla sijastaafu nilikaa masjala ya hospitali miaka 22, na fomu kama hiyo unayoieleza zilipita mikononi mwangu kila wiki. Baadhi zilijazwa vizuri. Nyingi zililetwa zikiwa na sahihi chini na mapengo juu, mwenye sahihi akiwa bado kitandani.

Hiyo fomu ya pili usiisaini. Picha ya kitambulisho usiitume. Hata mkikaa siku kumi bila kumjibu, hakuna kitakachokufa. Mtu aliyeumizwa barabarani ana miaka 3 tangu siku ya ajali ya kufungua kesi ya kudai fidia. Si wiki moja. Sikwambii ukae miaka hiyo yote, maana mashahidi huhama na karatasi hupotea, lakini anayekuharakisha kwa kukutisha na wiki hii ana haraka yake mwenyewe.

Sasa ile ya kwanza. Unaweza kuirudisha, na kwa kweli lazima uirudishe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 32, inasema aliyetoa idhini anaweza kuiondoa wakati wowote. Sheria hiyohiyo inataka idhini iwe ya hiari, iwe ya jambo mahususi, na anayeitoa awe anaelewa anachokubali. Tena ni juu ya yule anayeshikilia idhini kuthibitisha kwamba uliitoa hivyo, wala si juu yako kuthibitisha kwamba ulikuwa umelewa dawa. Jambo moja tu linaniumiza moyo: kuondoa idhini hakurudishi nyuma kile ambacho kimeshatolewa kihalali kabla ya siku hiyo. Ndiyo maana nataka uandike leo, siyo mwezi ujao. Bahati yako ni kwamba ile fomu ilikwama kwa kukosa nambari ya faili. Karani aliyeikataa alikusaidia bila kujua.

Chukua karatasi ya kawaida ya daftari. Kiswahili kinatosha. Andika hivi:

"Mimi, (jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho), nambari ya kitambulisho (hii hapa), nililazwa hapa mwezi wa Machi. Naondoa idhini yoyote niliyoitia sahihi nikiwa wadini ya kumruhusu mtu mwingine apewe rekodi zangu au za mtoto wangu. Kuanzia leo msimpe mtu yeyote rekodi hizo bila fomu mpya niliyoijaza na kuisaini mwenyewe mbele yenu."

Weka tarehe, weka sahihi. Tengeneza nakala mbili zaidi. Moja ibaki masjala, moja impate huyo mwanamume au wakili anayedai kumtumikia, na ya tatu ibaki kwako ikiwa imepigwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Usiondoke dirishani bila huo muhuri. Barua isiyo na muhuri, siku ya siku watasema hawakuiona.

Hapo utakuwa umefunga mlango. Lakini hatutaki ubaki umefungwa, kwa sababu fidia unastahili na bila karatasi za hospitali hakuna wakili, hata awe mwema namna gani, atakayeweza kueleza mguu wako uliumia vipi. Kwa hivyo idhini utatoa. Utaitoa kwa kipimo. Wewe unauza omena: mtu akilipia gorogoro moja humwachii gunia zima aende nalo, eti kwa kuwa mnajuana. Na hiyo fomu aliyokuletea inaomba gunia, pamoja na meza na duka. Benki yako na mguu wako vinahusiana nini? Mwajiri gani, na wewe unajiajiri? Huo ni mtindo wa fomu iliyotungwa ili itumike kwa mtu yeyote kwa lolote, na sheria haisemi kwamba lazima uikubali ilivyo.

Fomu ni karatasi, na kalamu unayo. Mstari usioukubali unaukata kwa mstari mmoja ulionyooka, ili maneno yaendelee kusomeka, kisha pembeni unaandika herufi za mwanzo za majina yako na tarehe. Usichafue wala usipake rangi nyeupe, kwa sababu karani akiona kupakwa ataikataa, na atakuwa na haki. Mahali palipoachwa wazi unajaza au unapiga mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa pengo. Pengo ulilosaini chini yake ni kauli yako ambayo mtu mwingine ataiandika baadaye. Penye "au mtu yeyote atakayemteua", kata. Mpokeaji awe mtu mmoja au ofisi moja yenye jina na anwani. Penye kusudi, andika "madai ya fidia ya ajali ya tarehe fulani". Na kama fomu haina tarehe ya mwisho, iandike mwenyewe. Miezi mitatu inatosha kabisa kwa hospitali kutoa nakala.

Nakuja kwenye sehemu iliyokunyima usingizi.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2006 inakataza mtu yeyote kutoa matokeo yako ya kipimo kwa mwingine, na ruhusa yako ikihitajika lazima iwe kwa maandishi. Wengi wakisikia hivyo wanapumua. Mimi sipumui, kwa sababu ukisaini "rekodi zote za wakati wowote kutoka kliniki yoyote", mtu anaweza kudai kwamba hayo ndiyo maandishi yenyewe. Ulinzi uliowekewa na sheria utakuwa umeuondoa kwa kalamu yako bila kujua.

Utaniuliza, basi niandike "isipokuwa rekodi za kliniki ya CCC", yaani ile kliniki ya wanaotumia dawa za virusi? Hapana, mwanangu, tafadhali usiandike hivyo. Nimewaona watu wenye akili timamu wakifanya hivyo kwa nia njema. Ukitaja unachokificha, umeshakisema. Yeyote atakayeisoma hiyo fomu, kuanzia karani mpaka huyo wa tai, atajua kuna faili huko. Njia iliyo salama ni kutaja unachokitoa tu na kunyamaza kuhusu mengine. Kwenye nafasi ya "rekodi zinazotolewa" andika: "Picha za eksirei za mguu wa kulia na ripoti ya daktari kuhusu jeraha la mguu huo, kwa matibabu ya tangu siku ya ajali hadi siku niliyoruhusiwa kwenda nyumbani. Hakuna zaidi ya hayo." Maneno hayo hayamwambii mtu chochote ila mguu.

Bado kuna kitu watu wa nje ya hospitali hawakijui. Faili ya CCC hukaa kando na faili ya wadi, hiyo ni kweli, lakini siku ulipolazwa bila shaka daktari au muuguzi alikuuliza unatumia dawa gani, na jibu liliandikwa. Lilipaswa kuandikwa, maana mtu anayekulaza usingizi kwa upasuaji lazima ajue. Kwa hivyo dawa zako zinaweza kuwa ndani ya karatasi za wadi, na hata kwenye ile karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani uliyopewa siku ya kutoka. Itafute sasa hivi, uisome mstari kwa mstari ukiwa peke yako. Kiingereza cha daktari kikikushinda, mpelekee mshauri wa kliniki yako anayekujua tayari. Usimpe binti ya dada yako, hata kama anasoma vizuri.

Ndiyo sababu nasema omba ripoti ya daktari badala ya fotokopi ya faili nzima. Fotokopi hutoa kila kilichoandikwa, na aliyeandika hakuwa akimwandikia kampuni ya bima. Ripoti huandikwa upya kwa ajili ya jambo moja. Mwambie daktari kwa kinywa chako, faraghani: "Naomba ripoti ihusu mguu tu, mambo yangu mengine ya afya yasiingie." Ataelewa mara moja. Kazi ya kuandika ripoti hospitali inaweza kukutoza pesa, uliza kwanza ni kiasi gani. Baadaye bima inaweza kutaka daktari wao aukague mguu. Hapo wakili wako awe anajua hali yako mapema, ili jambo hilo lisije likamshtukiza. Wakili wa kweli hufungwa na siri ya mteja. Broka, yaani mtu wa kati anayewatafutia mawakili wateja, hafungwi na siri hiyo.

Kuhusu karani aliyekwambia mgonjwa hapewi rekodi, hilo limenikera kwa sababu ni kazi niliyoifanya. Rekodi zako ni haki yako kuziona. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kufikia data yako, na Kanuni za Jumla za 2021 zinataka ombi lako lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo. Huhitaji wakili kuomba kilicho chako. Rudi na ombi la maandishi badala ya kuongea dirishani. Ombi la mdomo humalizwa kwa mdomo. Liandike kwa msimamizi wa hospitali, si kwa karani, na uonyeshe kitambulisho halisi. Wakitaka nakala yake, andika juu ya ile nakala, ukipitisha maneno juu ya picha lakini bila kuziba jina: "Kwa ombi la rekodi tu", na tarehe. Nakala iliyoandikwa hivyo ni vigumu kutumika kwa kukopa au kusajili laini ya simu. Ndiyo maana pia nimekukataza kutuma picha tupu kwa simu.

Siku 7 zikipita kimya, au wakikukatalia kwa maandishi, nenda Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ina ofisi hapa Kisumu, na kwa wasomaji wa Nakuru iko huko pia, hamna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi. Malalamiko hayalipiwi, na sheria inataka yashughulikiwe ndani ya siku 90. Beba ile nakala yako yenye muhuri. Na ikitokea, Mungu apishe mbali, kwamba mtu ametoa habari zako za virusi, kuna Mahakama Maalum ya masuala ya VVU na UKIMWI iliyoundwa na ile sheria ya 2006. Malalamiko kama hayo inayasikiliza.

Mtoto naye awe na fomu yake. Isiwe mstari ndani ya yako. Hajafika miaka 18, kwa hivyo mzazi ndiye anayeidhinisha kwa niaba yake, kwa faida yake, na wewe au baba yake nyote mna haki hiyo. Mtaulizwa cheti cha kuzaliwa. Andikeni mkono uliovunjika, tarehe za matibabu, basi. Ninasisitiza hili kwa sababu ndani ya faili ya mtoto kunaweza kuwa na habari za mama yake tangu siku za ujauzito, na faili yake ikitolewa nzima, ya kwako imetoka kwa mlango wa nyuma.

Mume wako anaweza kumsainia mtoto. Wewe hawezi kukusainia. Wewe ni mtu mzima mwenye akili zako, na sahihi ya mume mahali pa mke si idhini ya mke. Lakini usigombane naye. Anachoogopa ni pesa kupotea, wakati familia inakula kutoka meza inayoshikwa na dada yako, na hofu hiyo ni ya haki. Kaa naye jioni, watoto wakilala, umweleze kwamba fidia haipotei; kinachobadilika ni kipimo cha kinachotolewa. Mkumbushe kwamba rekodi zikivuja, zinavuja za nyinyi wawili. Nadhani hapo atanyamaza kidogo.

Na huyo "mtu wetu"? Mwulize jina kamili la wakili na ofisi yake iko jengo gani. Kisha umwambie utakwenda mwenyewe. Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina na kuona kama wakili huyo ana cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Sheria ya Mawakili inakataza kutafutiwa wateja na mabroka, kwa hivyo usishangae akianza kukwepa swali. Akikupeleka mbele ya wakili halisi, mwenye cheti, atakayekusomea kila fomu kwa lugha unayoielewa na kukuachia nakala, vema, kaa naye muongee. La sivyo wakili mwingine utampata, Kisumu haina uhaba.

Wakati huohuo pitia kituo cha polisi kilichoandikisha ajali. Uliza abstrakti, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha kwamba ajali iliandikishwa, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, yako na ya mtoto. Hizo utazihitaji kwa wakili yeyote utakayemchagua, na ni bora ziwe kwenye bahasha yako kuliko mkobani mwa mtu mwingine.

Barua ya kuondoa idhini iende Jumatatu asubuhi, kabla ya kliniki ya mguu, ili usijikokote mara mbili. Nambari ya faili utaiona juu ya kadi yako ya kliniki. Ukishapata hiyo ripoti ya daktari, usimkabidhi mtu kwanza. Ukaribie mwangaza wa dirisha, uisome yote, na ukikuta neno usilolielewa liandike kwenye karatasi unitumie. Neno hilo tu, wala si ripoti.

Mama